Kahawa ya Kupunguza Mwili na Muhuri Wangu

Wenzangu mnaobaki, siku mliponiaga mlinipa vitenge viwili na saa ya ukutani. Saa nimeitundika, ingawa sijui mlitaka niwahi wapi. Mliniomba pia niandike mambo ya kazini, ili wanaoingia sasa wasianzie sifuri. Nimeanza mara tatu na mara tatu nimechana karatasi, kwa sababu kila nikiandika habari za ukaguzi wa dawa naishia kwenye kopo moja la kahawa. Basi nitaandika habari za kopo hilo, na mengine yatakuja njiani. Vyeo na mishahara vimo kwenye faili langu, atakayevitaka akavisome huko.

Niliripoti Nachingwea nikiwa msichana mwembamba, msiniulize mwili ule ulikwenda wapi. Aliyenipokea alikuwa Mzee Damiani, mtunza stoo ya dawa, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya sikio moja. Cheti changu hakukisoma. Alinipa kikopo cha vidonge vyeupe kisicho na lebo, akaniuliza ni nini. Nilifungua, nikanusa, ikanijia harufu ya siki, nikamjibu kwamba ni aspirini iliyoharibika. Nilijiona nimefaulu.

"Umejua harufu," aliniambia. "Kilichomo hujui."

Akanipa daftari la kaunta, akaniamuru niandike humo: haijulikani. Neno hilo nililiandika mara nyingi sana mwaka ule wa kwanza. Nilikuwa nalichukia, kwa kuwa nilidhani serikali hainilipi niandike kwamba sijui. Leo naona kama ningelifuata neno hilo hadi mwisho, nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia.

Vifaa vyetu vilikuwa lenzi yenye mpini uliofungwa uzi, mizani ndogo, glasi ya maji safi na pua zetu wenyewe. Mzee Damiani alinifundisha kukata kidonge katikati na kutazama kama rangi ya ndani inafanana na ya nje, na kupima vidonge kumi kimoja kimoja kuona kama vinalingana uzito. Alinifundisha pia kwamba nikitaka kujua dawa inafanya nini, nisimuulize anayeuza, nimuulize anayemeza. Muuzaji atakusomea lebo, alisema, lakini anayemeza atakuambia kama analala usiku, kama mdomo umekauka, kama moyo unamwenda mbio. Alinifundisha bila kupandisha sauti hata siku moja, nami nilimwita baba tangu mwezi wa kwanza.

La muhuri nalo alinifundisha yeye. Siku moja nilikwenda Marambo peke yangu, nikachukua dukani kopo la klorokwini lililonitia shaka, nikaliweka mkobani na kuaga. Sikufika mbali. Wanaume wa kijiji walinizunguka na baiskeli yangu, wakasema mwanamke huyu ameiba dawa za watu. Ilibidi mwenyekiti wa kijiji aje kunitoa. Mzee Damiani alicheka hadi miwani ikamdondoka, kisha akanionyesha kazi ya karatasi. Fomu yetu ya kuchukua sampuli mnaijua: nakala nyeupe huenda maabara, ya njano hubaki ofisini, ya waridi hupewa mwenye duka. Ile ya waridi ndiyo ya chini kabisa, kaboni huipaka wino kila mahali, na muhuri ukipigwa juu ya maandishi hauonekani. Mahali pekee palipo peupe na papana ni kile kisanduku cha chini kilichoandikwa MATOKEO. Kisanduku hicho sijawahi kukiona kimejazwa, kwa kuwa majibu huja kwa barua. Basi muhuri tukaupiga humo.

"Piga panapoonekana," alisema. "Watu wetu wanasoma muhuri kwanza, maandishi baadaye."

Nikapiga humo miaka yote, Nachingwea na Ruangwa, na ninyi nimewafundisha hivyohivyo.

Nilipoanza kazi, adui alikuwa kidonge cha chokaa kilichouzwa kama dawa ya malaria. Baadaye ikawa mikorogo ya kuchubua ngozi. Dawa ya kukonda sikuitarajia kabisa. Mimi ni mtoto wa huku, nimekua nikisikia mtu akirudi safari anaambiwa amenenepa, naye anashukuru. Aliyekonda alionewa huruma, na nyuma yake watu walinong'ona. Kama ungeniambia zamani kwamba nitawaona Wamwera wenzangu wanatafuta dawa ya kupungua, na hali kila mwaka kabla ya mavuno tunapungua bure, ningekucheka.

Lakini mambo yalibadilika, na sisi wa afya tulikuwemo katika kuyabadilisha. Kliniki za presha na sukari zilijaa. Tulimpima mtu, tukamwambia, "Mama, punguza uzito," tukaita jina linalofuata. Apunguze vipi, ale nini badala ya ugali wa muhogo, atembee wapi zaidi ya kule shambani anakotembea kila siku, hatukumwambia, foleni ilikuwa ndefu. Mtu akatoka mlangoni na swali letu mkononi. Nje alimkuta mwenye jibu, tena jibu lenye kopo zuri na picha ya kiuno.

Hapa nisimame niwaambie jinsi ya kuzitazama bidhaa hizi, maana ndiyo kazi mliyobaki nayo. Lebo ikisema "mchanganyiko maalumu" bila kutaja kila kilichomo na kiasi chake, imekuambia kwamba haitaki ujue. Neno "asilia" lisiwapumbaze. Muhogo mchungu nao ni wa asili, na kila bibi wa Naipingo anajua utamfanya nini mtu asiyeuloweka. Tafuteni mtengenezaji aliye na mahali anapopatikana. Itafuteni namba ya usajili kwenye orodha, msiridhike kwamba namba ipo. Tazameni kama makopo yote, ya mwaka jana na ya mwaka huu, yana namba moja ya toleo. Na ikiwa dawa ya majani inamkondesha mtu upesi kuliko njaa, basi ndani mna kitu ambacho si majani. Haya yote nayajua vizuri. Niliyajua vizuri hata wakati ule.

Rehema alikuwa na duka la vipodozi Ruangwa, karibu na stendi. Mji ule ulikuwa unakua, wageni wa machimbo wanaingia, na vitu vya mjini vinafika kabla ya maji ya bomba. Niliingia dukani kwake kwa sababu ya mikorogo. Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, bila ubaya, kama fundi anavyotazama kitambaa, akaniambia kwa upole, "Mama yangu, wewe ninayo yako." Akaniwekea mezani kopo la kahawa ya kijani iitwayo Wepesi. Sikumchukia. Wauzaji wengi wamewahi kuniuzia mwili mpya kabla hawajajua mimi ni nani.

Nilipojitambulisha hakutetemeka. Alisema anakunywa mwenyewe kila asubuhi, akanionyesha gauni lake la zamani ambalo sasa lingemtosha yeye na dada yake. Nilimuuliza kilichomo, akasoma lebo: kahawa, tangawizi, mchanganyiko maalumu. Nilimuuliza inatoka wapi, akasema inatoka kwa dada mmoja wa Dar es Salaam anayemjua kwa simu tu. Alisema kweli yote aliyokuwa nayo. Nikachukua makopo mawili, nikayafunga lakiri, nikajaza fomu, nikasaini, nikapiga muhuri kwenye kisanduku, nikampa nakala ya waridi. Nikamwambia kwa mdomo asiuze mpaka majibu yarudi. Akasema, "Sawa mama."

Ofisini niliitafuta kwenye orodha namba ya usajili iliyoandikwa kwenye kopo. Ilikuwa namba ya mafuta ya kupaka watoto. Hapohapo nilikuwa na sababu ya kurudi Ruangwa na kuyazuia makopo yote, sheria iliniruhusu. Nilimpigia simu Rehema, nikamkumbusha asiuze, naye akasema tena sawa mama. Nikajiambia nitakwenda wiki ijayo. Ulikuwa msimu wa korosho, watu wanaletwa hospitali baada ya kuvuta dawa za kupulizia mikorosho, pikipiki ya ofisi haina tairi la nyuma. Sababu hizo zote ni za kweli, na hakuna hata moja inayonisaidia. Wiki ijayo ikapita. Sampuli ikarudishwa kutoka maabara kwamba kiasi hakikutosha, nikachukua nyingine, nikaituma, tukangoja. Siku niliyoichukua hiyo nyingine Rehema alinitolea makopo mawili kutoka chumba cha nyuma, nami nikaona rafu ni tupu nikafurahi kwamba amenitii. Sikuuliza makopo yaliyokuwa kwenye rafu yamekwenda wapi.

Mzee Damiani alikuwa amestaafu zamani, anaishi na mwanawe Felista, mwalimu wa shule ya msingi Naipingo. Felista nilimjua tangu anakaa chini ya meza ya stoo akichezea visoda. Aliniita dada, nami nilimwita mdogo wangu. Alikuwa na presha, na kliniki yetu ilikuwa imemwambia lile neno letu moja, punguza uzito. Mwaka ule parokia ilikuwa inajiandaa na jubilei, akina mama wote wanashona sare ya kitenge kwa fundi mmoja, na Felista ndiye mwenyekiti wa maandalizi.

Jumapili moja nilimwona nje ya kanisa. Alikuwa amepungua mno. Wanawake wamemzunguka, wanamgeuza, wanamshika kiuno wanacheka. Midomo yake ilikuwa mikavu, aliilamba kila baada ya maneno mawili. Niliiona midomo ile. Mtu aliyefundishwa na baba mzazi wa Felista kutazama midomo, akaiona mikavu, alisema nini? Nilisema, "Umependeza, mdogo wangu." Sikumuuliza kama analala. Akanibana mkono akasema, "Asante, dada," kwa moyo hasa, nami sikujua ananishukuru kitu gani, nikadhani ni ile sifa.

Alianguka kwa fundi, wakati anapimwa sare. Fundi alikuwa anaibana nguo kwa mara ya pili. Walimleta hospitali upande wa kulia hausogei, na Mzee Damiani akanitumia ujumbe nije. Nilimkuta ameketi kwenye benchi la wodini, kofia magotini. Hakunisalimia. Alifungua mkoba wa Felista, akatoa kopo, akaniwekea mkononi. Lilikuwa jepesi, limebaki robo. Wepesi.

Nilikwenda kitandani. Nilimuuliza Felista, kwa sauti ya ukaguzi kwa kuwa nyingine sikuwa nayo, nani alimpa kitu hiki bila yeye kuuliza kama kimepimwa. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Maneno yalimtoka moja moja, na kila moja alilitafuta.

"Niliuliza," alisema. "Nikaona... saini yako, dada."

Mimi sikuelewa, Mzee Damiani ndiye aliyeelewa. Kulikuwa na picha kwenye simu ya Felista, aliyotumiwa na wenzake wa kikundi cha akina mama. Mzee aliishika mbali na macho, kisha karibu, akaitazama kama alivyokuwa akitazama vidonge. Ilikuwa nakala ya waridi. Jina la bidhaa: Wepesi. Mkaguzi: mimi. Matokeo: muhuri wa serikali, mzima, umekolea vizuri.

"Uliupiga wapi muhuri?" aliniuliza, na jibu analiona.

"Panapoonekana, baba."

"Ndivyo nilivyokufundisha," alisema, akanipa simu.

Angenipiga ningeshukuru. Nilikaa naye kwenye lile benchi mpaka wauguzi wakabadilishana zamu. Nilitaka kulia nikaona aibu, kwa kuwa mwenye haki ya kulia alikuwa yeye.

Kesho yake nilikwenda Ruangwa na polisi, tairi la pikipiki likiwa limepatikana sasa. Fomu yangu ilikuwa imefunikwa kwa ile plastiki ngumu ya stesheneri, imetundikwa ukutani juu ya rafu, mahali ambapo maduka mengine hutundika leseni. Rafu ilikuwa imejaa. Rehema hakukimbia wala hakuficha kitu. Alisema kweli nilimkataza, akangoja, lakini wateja walipoona karatasi walimuuliza kwa nini anawanyima kitu kilichokwisha kupita, naye akaisoma upya akaona wana haki. Alisema yeye si mwongo, hapa pameandikwa matokeo, na aliyepiga muhuri ni mimi. Kisha akauchukua mkono wangu akauweka juu ya kifua chake ili nisikie. Moyo ulikuwa unakimbia. Akaniuliza kama naye ataanguka. Nilimwambia sijui, aache leo, aende apimwe presha. Alipona, yeye. Duka lilifungwa.

Majibu ya maabara yalikuja Felista akiwa ameshaondoka hospitali. Mstari mmoja tu ndio uliohusika: ndani ya kahawa mlikuwa na sibutramini, dawa ya kuua hamu ya kula, iliyopigwa marufuku kwa sababu hupandisha presha na kuutesa moyo. Kwenye lebo haikutajwa. Nilimuuliza daktari kama ndiyo iliyomwangusha. Alisema mwenye presha kama yake asingepaswa kuigusa kabisa, lakini angeweza kuanguka hata bila hiyo, na mahakamani hataapa. Nilirudi ofisini, nikafungua daftari, nikaandika neno lile la mwaka wa kwanza. Safari hii lilikuwa zito kuliko kalamu.

Felista hafundishi tena. Anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, na mimi humpelekea madaftari. Herufi zake sasa zinafanana na za watoto aliokuwa akiwasahihishia. Sare yake ya jubilei iko sandukuni, haijakatwa uzi. Mzee Damiani humlisha uji na kumfuta kidevu, na nikiingia hunipisha kiti, jambo ambalo hakuwa akilifanya zamani nilipokuwa mwanawe.

Niliandika kuomba fomu ibadilishwe, muhuri upewe mahali pake na kisanduku cha matokeo kiandikwe "bado". Nilijibiwa kwamba wazo ni zuri, tumalize kwanza zilizochapishwa. Mnajua wenyewe stoo ina maboksi mangapi. Nikaanza kupiga muhuri pembeni, juu ya maandishi, hauonekani. Wenye maduka wakakataa kuipokea karatasi isiyo na muhuri unaoonekana. Marambo walinizuia tena, kama mara ya kwanza, ila safari hii sikuwa na baiskeli wala Mzee Damiani wa kunicheka. Mwaka wangu wa mwisho nilikuwa naandika kwa kalamu nyekundu, ndani ya kisanduku, "haijapimwa", kisha napiga muhuri humohumo, kando yake. Fanyeni hivyo angalau. Sisemi kwamba inatosha.

Mwezi uliopita niliwapigia simu kuhusu meza moja ya gulio la Nambambo. Mlikuja kesho yake mkakuta pamefagiliwa. Niliyoyaona kabla hamjafika sikuwaambia, kwa hiyo nayaandika hapa.

Nilikuwa nimekwenda kununua mbaazi, nimejifunga kanga, kapu mkononi. Binti mmoja amepanga makopo. Jina jipya, rangi mpya, mchanganyiko maalumu uleule. Aliponiona akasema, "Mama yangu, hii yako kabisa." Nilimuuliza nani ameipima. Hakusita, akafungua simu, akaikuza picha kwa vidole. Waridi, plastiki inang'aa pembeni, jina la bidhaa limekatwa, saini yangu ipo.

"Aliyesaini hapa ni mimi," nilimwambia.

Alitazama kanga, kapu na ndala zangu. "Mama, huyu ni wa serikali," alisema, kwa adabu.

Nilimsimulia. Nilimwambia habari za Felista, za sibutramini, za fundi aliyekuwa anabana nguo. Alinisikiliza kama mtoto mwenye malezi anavyomsikiliza mzee. Mwisho nikamwambia hiyo karatasi haina matokeo, kisanduku kilikuwa kitupu, muhuri ulipigwa humo kwa kukosa mahali.

"Si kitupu, mama. Soma mwenyewe," alisema, akaweka kidole chini ya neno, kisha juu ya muhuri wangu. "Matokeo. Haya hapa."

Nyuma yangu alisimama mwanamke wa makamo, miguu imevimba, karatasi ya kliniki imechomoza kwenye kibeti chake. Alikuwa hapo tangu mwanzo, alisikia yote. Aliomba simu, akaitazama picha ile kwa muda, akairudisha. Kisha akaniomba nisogee kidogo kama sinunui, yeye achukue kopo lake.